Jumba Limezima Tena

Siku Muhiddin Mkadam alipoliona Jumba kwa mara ya kwanza, lilikuwa limezima katikati ya njia pale Darajani, mjini Unguja, na bibi harusi yumo ndani analia. Halii kwa kuwaaga wazee wake, kama inavyopendeza. Analia kwa joto. Wanja ulikuwa umeshateremka mpaka kidevuni. Wapiga tarumbeta walishamaliza nyimbo zote wanazozijua, sasa wamekaa ukingoni wanakula maembe, na ngoma kubwa wameifanya meza.

Jumba lilikuwa gari. Watu walilipa jina hilo kwa urefu wake na kwa mambo yaliyokuwemo ndani: viti vya ngozi nyekundu, mbao zilizong'arishwa, na pazia dogo la kumficha mwenye kustahili kufichwa. Wakili mmoja aliliagiza Ulaya enzi zile za kuagiza, na baada ya mapinduzi ya sitini na nne akahama kwa haraka, gari akaliacha. Likapita mikononi mwa huyu na yule, kila mmoja akilitoa kwa furaha zaidi kuliko alivyolipokea, mpaka likamfikia Bwana Simai Borafya, mwenye duka la magodoro ya sufi Mchangani. Bwana Simai aliona mbali. Mkewe, Bi Kidawa, alikuwa mpambaji wa maharusi. Basi mke apambe, mume achukue, na harusi nzima iliwe na nyumba moja. Mpango ulikuwa mzuri. Aliyekataa kuafiki alikuwa gari.

Muhiddin siku hiyo hakuwa na shughuli, ya halali wala ya namna nyingine. Biashara yake ya dawa ya kunguni ilikuwa imekufa wiki ile ile, baada ya mteja kumrudia na chupa ya dawa na kunguni wanaogelea ndani yake, wazima wa afya. Alikuwa na njaa, shati safi, na koleo ndogo aliyopenda kuichomeka mfuko wa kifuani kama kalamu. Akamtazama Bwana Simai aliyeinama chini ya boneti. Alimwona anavyoikodolea macho injini, kama mtu aliyeingia nyumba siyo na anaona haya kutoka. Muhiddin akajua kwamba riziki yake imesimama pale njiani.

"Asalaam aleikum, yakhe. Limezima lenyewe au mmelizima?"

"Aleikum salaam. Lenyewe," alisema Bwana Simai bila kuinua kichwa. "Ndio mchezo wake. Linakwenda, linakohoa, linazima. Likishapumzika kidogo, linawaka kama si lile."

Muhiddin akalaza sikio lake juu ya injini, akafumba macho. Hakusikia kitu, kwa kuwa injini iliyozima haisemi. Lakini alikaa hivyo kwa adabu, mpaka hata wapiga tarumbeta wakaacha kutafuna.

"Pampu," akasema.

"Pampu gani?"

"Ya petroli. Imechoka, maskini. Inavuta kwa huruma tu." Akaigonga kwa koleo, akaipangusa, akaipulizia, akasimulia kwa kirefu gari jingine kama hilo alilolitibu Mombasa, la bwana mmoja ambaye sasa hawezi kumtaja bila ya kuondoa kofia. Mombasa hakuwahi kufika. Maneno yalipomwishia, akasema, "Bismillahi, liwashe."

Likawaka. Vigelegele vikapaa mpaka mtaa wa Malindi. Bwana Simai akamkumbatia fundi wake kwa mikono iliyojaa grisi, shati safi likapata msiba, na Muhiddin akaona hiyo ndiyo gharama pekee ya mradi.

Tuseme ukweli wake, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa na mazoea nao: aliwahi kuwa utingo wa lori la Mkokotoni. Alijua kufungua nati, kufunga nati, na kuitukana injini kwa lugha nyingi. Zaidi ya hapo alijua jambo moja lililokuwa na faida kuliko ufundi wote. Siku zile spea za gari kama lile hazikuwapo Unguja nzima. Watu walikuwa wakipanga foleni kupata mchele na sukari. Nani angeleta pampu? Na kama hakuna aliyewahi kuiona pampu mpya, basi hakuna ajuaye pampu mpya ikoje.

Akaing'oa pampu ya Jumba mbele ya mwenyewe, akaikunja katika gazeti kwa huzuni, akaaga anakwenda kumtafuta baharia anayeleta vitu kwa siri. Akenda nayo chumbani kwake Vikokotoni. Akaiosha kwa mafuta ya taa, akaisugua kwa mchanga, akaipaka rangi ya fedha ile wanayopakia vitanda vya chuma, na ilipokauka akaifunga kwa karatasi ya nta na kuitia ndani ya kopo la biskuti la kigeni. Akairudisha dukani ameishika kwa mikono miwili, kama anayebeba yai.

"Mashallah," alisema Bwana Simai. "Hata uzito wake si kama ule wa zamani."

"Nyepesi, eh? Ulaya siku hizi hawatii chuma kingi. Wanatia akili."

Bwana Simai alimlipa redio ya mbao. Muhiddin akaenda nayo begani, huku akijisemea kwamba hakumdhulumu mtu. Kampa mwenye pampu pampu yake, imesafishwa, tena ina rangi. Wangapi wanafanyiwa hivyo na mafundi wa kweli?

Jumba likaenda siku chache, likazima Mtoni, njia ya Bububu, mbele ya magofu ya jumba la mfalme, gari na magofu vikatazamana. Bibi harusi wa safari hiyo alifika kwa mumewe amepanda baiskeli ya mjomba wake.

"Pampu mpya imeona kabureta ni kuukuu," alieleza Muhiddin. "Haziwezi kukaa pamoja. Ni kama kumwoza kijana kwa bibi kizee. Kijana anavuta, bibi kizee anakohoa."

Kabureta ikaenda Vikokotoni, ikaogeshwa, ikapakwa, ikarudi na karatasi yake ya nta. Saa ya ukuta ikahama. Gari likaenda, watu wakasifu, likazima. Koili ikaenda, ikarudi. Zulia la Kiajemi likahama. Chumba cha Muhiddin, kilichokuwa na mkeka na msumari wa kutundikia shati, kikaanza kufanana na baraza ya tajiri. Alinunua kitanda cha mpingo. Alianza kunywa kahawa kwa kukunja kidole cha mwisho. Siku moja kahawani alijisikia anamwambia mtu, "Spea zangu mie hudumu," akashtuka kuona kwamba hakuwa anadanganya, alikuwa anaamini. Akajicheka peke yake njia nzima. Hata hivyo kesho yake alisema tena.

Spea zilipomwishia, akaanza upya na pampu.

Safari hii Bwana Simai hakuwepo dukani, alikuwepo Bi Kidawa. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye vidole vilivyokolea hina ya kuwapaka wengine. Alilifungua kopo la biskuti, akainusa pampu.

"Inanuka kama kitanda," akasema.

"Harufu ya Ulaya hiyo, Bi Kidawa."

Bi Kidawa akaikwaruza kwa ukucha ubavuni, akaikwaruza tena, akatazama palipobanduka rangi. Kisha akaifunga vizuri karatasi yake, akalifunika kopo.

"Fundi, wewe ni mtu wa ajabu," akasema taratibu. "Ntamwambia mume wangu."

Muhiddin akaondoka na seti ya vikombe vya kahawa na furaha ya kusifiwa na mwanamke asiyesifu.

Haukupita muda, alikuwa ameegemea boneti ya Jumba nje ya duka, anajishughulisha na koleo yake, pakaja mzee mmoja mnene, kofia ya darizi nzito kichwani, bakora mkononi, kifua kinampiga filimbi. Mzee akalizunguka gari. Akalipapasa mlangoni kama anayempapasa ng'ombe wa kununua.

"Shikamoo mzee," alisema Muhiddin.

"Marahaba, mwanangu. Gari lako?"

"Nalitibu tu. Mwenyewe Bwana Simai, katoka."

"Bahati mbaya." Mzee akakaa barazani kuvuta pumzi. "Mie naitwa Silima, natoka Chukwani. Mgongo wangu hautaki tena kupanda gari za abiria. Nimeambiwa viti vya gari hili ni kama kukaa mapajani mwa mama. Mwambie Bwana Simai nalitaka, na sina haja ya kupatana naye." Akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na bangili nene, mkufu wa kushuka mpaka kitovuni na vipini vya pua, vyote vinawaka jua. "Vya marehemu mke wangu. Nani atavivaa? Mwambie alilete Chukwani, liwe linatembea, avichukue vyote."

Mzee akaenda zake. Muhiddin alibaki pale pale, mkono kifuani, akihisi moyo wake unavyokwenda bila kukohoa hata kidogo. Kwa nini amwambie Simai? Simai ana hamu na dhahabu? Simai ni mtu wa sufi! Toka mjini mpaka Chukwani si mbali, na gari, si ndiyo lina pampu mpya? Hapa ndipo msomaji amwonee huruma: katika mji mzima, mtu wa mwisho kudanganywa na ile rangi ya fedha alikuwa aliyeipaka.

Bwana Simai aliporudi alimkuta fundi amekunja uso.

"Bwana Simai, mie nnakuonea huruma. Gari hili linakutia aibu mbele za watu. Nipe mie nikupunguzie mzigo."

Bwana Simai akafumbua kinywa kushukuru, lakini Bi Kidawa akawahi kutoka nyuma ya pazia.

"Tukupe kwa nini, fundi?"

"Ntairudisha redio."

"Na saa?"

"Na saa, Bi Kidawa. Ile saa hata hivyo hainilazi."

"Zulia nalo, baridi imeniingia miguuni tangu liondoke."

"Zulia… haya."

"Nasikia una kitanda cha mpingo."

Muhiddin akatazama barabara ya Chukwani kwa jicho la moyo, akaona bangili. "Kitanda kizito hicho, Bi Kidawa."

"Tutatafuta wachukuzi."

Wachukuzi walipomaliza, Vikokotoni palibaki mkeka, msumari, na kopo la rangi. Muhiddin hakujali. Alikaa nyuma ya usukani wa Jumba, akapiga honi bila ya sababu, akaelekea kusini na mkono mmoja nje ya dirisha, anawapungia watu asiowajua.

Lilizima mahali ambapo ukinyoosha shingo unaona minazi ya Chukwani. Alingoja likapumzika, likawaka, likaenda, likazima. Alifika akiwa analisukuma, na watoto wanalisukuma naye wakicheka. Akauliza nyumba ya Bwana Silima tajiri.

"Tajiri?" walimwambia barazani. "Silima hapa ni mmoja, na utajiri wake ni pumu. Yule pale anacheza bao."

Bwana Silima alimkaribisha kwa bashasha, akamtilia kahawa, akampa kitambaa chake bila ya kuulizwa.

"Vyako hivi, mwanangu, mie ahadi yangu ni ahadi. Ila usivivae na jasho. Ni shaba, vya Kidawa vya kupambia maharusi wasio na dhahabu. Kavipaka rangi mwenyewe, tena kasema rangi ni fani yako, utamkosoa."

Muhiddin akakwaruza bangili kwa ukucha. Ikabanduka.

"Wewe na Bi Kidawa mnajuanaje?"

"Mie si ami yake? Alikuja kwangu na hasira zake. Ile pampu uliyomletea ina kiraka cha risasi ubavuni, aliipeleka mwenyewe kwa mhunzi mwaka juzi ikazibwe. Akakikuta chini ya rangi yako."

"Mbona hakwenda kunishitaki?"

"Na Simai auweke wapi uso wake? Mtu kauziwa pampu yake mwenyewe mara mbili! Mji ungecheka mpaka Tumbatu. Kunywa kahawa, inapoa."

Muhiddin akainywa. Alitaka kukasirika, akaitafuta hasira, hakuiona. Aliona aibu tu, na ndani ya aibu kitu kama heshima. Alipigwa kwa chombo chake mwenyewe, na kazi ilikuwa safi. Hata rangi ilikuwa imepakwa vizuri kuliko yake.

Sasa akawa mwenye gari. Na mwenye gari, tofauti na fundi, anataka liende. Aliuza viatu vyake vizuri na mashati yake yote ila moja, akampata baharia wa kweli, naye baharia akamletea pampu ya kweli, mpya, ndani ya karatasi ya nta ya kweli. Muhiddin alikaa akaitazama. Haikufanana hata kidogo na zile zake, ilikuwa nyeusi. Akaifunga garini, akaendesha mpaka Mtoni, na mbele ya magofu ya mfalme Jumba likakohoa, likazima.

Akateremka, akakaa juu ya jiwe. "Mie nlimtia Simai pampu ya uongo, likazima hapa," akaliambia gari. "Nakutia wewe pampu ya kweli, unazima hapa. Basi uongo wangu ulikuwa na kosa gani?" Mpita njia aliyekuwa na mzigo wa makuti aliharakisha kidogo.

Akaamua kulichinja. Viti kwa kinyozi, mbao kwa seremala, tangi la petroli kwa yeyote mwenye kuuza mafuta ya taa. Alianza na tangi, kwa kuwa mteja alikuwa keshapatikana. Alilifungua, akaliinamisha kumwaga mabaki, na petroli ikatoka kidogo, ikasita, ikakatika. Akalitikisa, ikatoka tena, ikakatika. Akatia waya tunduni. Waya ulinasa kitu laini, akavuta, na kikatoka taratibu, kinachuruzika, kama ulimi: kitambaa.

Alikikamua, akakitandaza juu ya boneti. Petroli siku zile ilikuwa ikinunuliwa kwa debe, watu wakiimimina kupitia kitambaa ili uchafu usiingie. Kitambaa hiki kimemponyoka mtu, kikazama. Gari likienda, kinavutwa mpaka mdomo wa bomba, kinauziba. Gari likizima, kinaachia, kinaelea zake. Injini ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza. Pampu nzima, kabureta nzima, koili nzima. Yeye, bingwa wa uongo, kwa pampu ile alikuwa mkweli bila kujua: aliitoa nzima na kuirudisha nzima.

Alilirudisha tangi mahali pake, akaenda Bububu, akarudi, akaenda Chukwani, akarudi. Jumba halikukohoa. Akakimbia mjini kuwapa watu habari, na mji mzima ukacheka. "Limepona? Umelitia spea gani safari hii, fundi?" Hakuna bibi harusi aliyekubali hata kuliegemea. Mwishowe Muhiddin aliondoa kiti cha nyuma kimoja, akaanza kuchukua mihogo na papa mkavu wa soko la Mwanakwerekwe, na gari la wakili likanuka soko.

Ni hapo Mwanakwerekwe ndipo Bwana Simai na Bi Kidawa walipomkuta, wamekosa usafiri, wana kikapu na mvua inakuja. Wakatazamana. Bi Kidawa akapanda mbele, mumewe akajibanza nyuma kati ya mihogo. Jumba likaondoka, likapita mahali pa kwanza pa kuzimia, na pa pili, linanguruma kama paka aliyeshiba.

"Yakhe, mbona halizimi?" aliuliza Bwana Simai. "Umetia nini?"

"Sikutia kitu. Nimetoa."

"Umetoa nini?"

"Kitambaa. Kwenye tangi."

Bwana Simai alicheka mpaka mihogo ikamwangukia. "Kitambaa! Kidawa, wamsikia? Hebu acha, nambie kweli. Kabureta, siyo?"

Bi Kidawa hakucheka. "Kitambaa chenyewe kiko wapi?"

Muhiddin alikuwa anakitumia kufutia kioo. Akampa. Kilikuwa kipande cha kanga nyekundu iliyopauka, ukingoni bado inaonekana michoro ya korosho. Bi Kidawa alikigeuza, akakigeuza tena. Alikichana yeye mwenyewe, wiki waliyolipata gari, akampa mumewe achujie petroli. Na mumewe alipokuja kumwambia kimepotea, alimsema siku nzima kwa kuharibu kanga bure.

Wakaingia mjini.

"Redio ntakurudishia, utupe gari letu," alisema Bi Kidawa. "Na saa."

"Redio yetu?" aliuliza Bwana Simai kutoka kwenye mihogo.

"Nyamaza, Simai. Na zulia. Na kitanda chako cha mpingo, fundi, hatukukilalia sana."

Ulimi wa Muhiddin ulikwishaanza kujiinua wenyewe kudai na vile vikombe vya kahawa. Aliuhisi. Akausikiliza mguno wa injini chini ya miguu yake, laini, mtamu, wake, na ulimi ukatulia.

"Bi Kidawa," akasema, uso umejaa huzuni, "gari hili ni bovu. Mie nnalijua kuliko mtu yeyote. Leo linakwenda, kesho litawaaibisha. Siwezi kuwatia hasarani watu ninaowaheshimu."

Akasimama mbele ya duka la magodoro. Bwana Simai aliteremka, akaja dirishani, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, macho yana machozi.

"Mungu akulipe, Muhiddin. Mjini hapa fundi mkweli umebaki wewe."

Bi Kidawa alikikunja kitambaa chake, akakitia kifuani, akateremka, akaufunga mlango wa Jumba kwa kishindo ambacho gari bovu lisingekistahimili.